Ol' Man River ya Robeson, ya Warfield na ya Sinatra: tofauti hasa iko wapi?

Mpenda_Jukwaa aliuliza:

Wakuu, naomba tuuchambue wimbo mmoja tu, lakini kwa kina: Ol' Man River, unaohusu mto Mississippi, wa kwenye tamthilia ya muziki Show Boat (meli ya maonyesho). Muziki ni wa Jerome Kern, maneno ya Oscar Hammerstein II, na tamthilia ilifunguliwa Broadway Desemba 27, 1927 katika ukumbi wa Ziegfeld.

Waliouimba ni wengi. Anayeuimba kwenye tamthilia ni Joe, kuli wa gatini, na Joe wa kwanza alikuwa Jules Bledsoe. Paul Robeson aliuimba London 1928, Broadway 1932, kwenye filamu ya 1936, kisha kwenye matamasha kwa miaka mingi. Bing Crosby aliurekodi 1928 na okestra ya Paul Whiteman. William Warfield yumo kwenye filamu ya 1951. Frank Sinatra aliuimba kwenye filamu ya 1946 kuhusu maisha ya Kern na akaurekodi upya 1963. Mwaka huohuo wa 1963 Ray Charles naye akautoa, na 1967 kundi la Temptations wakamwachia Melvin Franklin besi yote.

Maswali yangu ni matatu.

Kwanza, kwa nini wa Crosby unasikika kama wimbo wa dansi na wa Robeson unasikika kama dua, wakati noti ni zilezile? Je, ni mwendo tu au kuna kingine?

Pili, maneno. Kila rekodi ina maneno yake. Naomba mwenye uhakika aseme yapi ni ya Hammerstein, yapi ni ya Robeson, na mabadiliko yanageuza nini kwenye maana.

Tatu, kwa mwimbaji wa baritoni (sauti ya kiume ya kati) anayeandaa wimbo huu na piano peke yake, bila kwaya wala okestra, amfuate nani na aepuke nini? Sihitaji jibu la "imba kwa hisia". Nataka ki (ngazi ya noti wimbo unakoimbiwa), pumzi, mwendo na mahali ambapo watu huharibu.

---

Sauti_ya_Nne alijibu:

Mkuu, swali zuri. Nitajibu upande wa muziki, wa maneno nawaachia wengine.

Kiitikio kina vipimo 32 vya mapigo manne manne, vimegawanyika mara nne: vipimo 8 vya wimbo mkuu, 8 vinaurudia, 8 vya daraja (sehemu ya kati yenye wimbo tofauti) linalohamia kwenye maina, ile ngazi yenye sauti ya huzuni, kisha 8 vya mwisho vinavyoanza kama mwanzo na kupanda hadi kileleni. Wimbo mkuu karibu wote umejengwa kwa noti tano: do, re, mi, sol, la. Ndiyo sababu watu wengi hudhani ni wimbo wa kale wa watumwa, kumbe uliandikwa na mtunzi wa Broadway kwa ajili ya onyesho.

Noti nne za kwanza ni sol, sol, la, do, na hiyo sol ni ya chini. Ukizigeuza zianzie mwisho unapata do, la, sol, sol, ambazo ndizo zinazoimbwa kwa jina la meli, Cotton Blossom, kwenye ufunguzi wa tamthilia. Meli na mto vinatumia noti zilezile.

Sasa kuhusu Crosby na Robeson. Mwendo ni sehemu kubwa ya jibu. Vipimo 32 mara mapigo 4 ni mapigo 128. Ukienda mapigo 120 kwa dakika, kiitikio kinaisha kwa sekunde 64. Ukienda mapigo 60, kinachukua dakika 2 na sekunde 8. Okestra ya Whiteman pale kwa Crosby inapiga kwa watu wa kucheza, na mwimbaji anaingia kama ala mojawapo, anaimba kiitikio chake na kutoka. Wiki kadhaa baadaye, mwaka huohuo, okestra hiyohiyo ikarekodi na Robeson pamoja na kwaya, na hapo wimbo ukapewa nafasi yake yote. Sikiliza rekodi hizo mbili mfululizo. Ni okestra moja na mwaka mmoja, na bado ni kama nyimbo mbili.

Lakini si mwendo tu. Tazama mdundo wa neno "river". Silabi ya kwanza iko kwenye noti fupi, nusu pigo. Ya pili iko kwenye noti ndefu, pigo moja na nusu. Mkazo wa neno lenyewe uko kwenye silabi ya kwanza. Kwa hiyo mkazo umekaa kwenye noti fupi, na silabi dhaifu imepewa muda mrefu. Mchezo huohuo unarudi karibu kila mwisho wa sentensi. Crosby anaichukua ile noti fupi kama kichocheo cha dansi, inamsukuma mbele. Robeson anaiegemea, kisha anaiachia ile ndefu ipungue sauti taratibu. Hapo ndipo unaposikia uzito wa mtu aliyeshika mzigo. Wanaoharibu hufanya mojawapo ya haya: ama wanazisawazisha silabi mbili zikawa pigo moja moja, na wimbo unakuwa wa watoto wa shule, ama wanaisukuma ile noti ndefu kwa nguvu, na neno linageuka, mkazo unahamia mwishoni.

Kuhusu ki. Wimbo unakwenda kutoka sol ya chini hadi mi ya juu, yaani oktava moja (do hadi do inayofuata) na sita juu yake (kama kutoka do hadi la). Ni upana mkubwa, na hapa wengi hukosea kwa kuangalia noti ya juu peke yake. Piga hesabu pande zote mbili kabla ya kuchagua. Kwa ki ya B flati, chini kabisa ni F na juu kabisa ni D. Kwa ki ya C, chini ni G na juu ni E. Kwa D, chini ni A na juu ni F shapu. Kwa E flati, chini ni B flati na juu ni G, na hiyo G kwa baritoni ni noti ya kusimama nayo kwa miguu miwili. Baritoni wa kawaida aanze na C. Ikiwa G ya chini inatoka kama pumzi tupu, apande hadi D, lakini asipande kwa ajili ya kumalizia kwa kishindo. Wimbo huu unaanza chini na unarudi chini mara tatu. Mwimbaji asiye na sol imara ya chini anakuwa na kilele kisichokuwa na mlima.

Sinatra wa 1963 anakuja hapa. Tazama mwisho wa daraja: sentensi (ukilewa kidogo unaishia jela) inaishia kwenye neno la jela, noti inashikiliwa, kisha wimbo unaporomoka hadi sol ya chini kwenye maneno ya kuchoka. Karibu kila mtu anavuta pumzi hapo, kwa sababu ndipo mahali pa kawaida pa kuvuta. Sinatra havuti. Anaiteremsha ile noti hadi chini na kuingia kwenye sentensi inayofuata kwa pumzi ileile. Ukianza pumzi mwanzoni mwa sentensi ya jela na kuimaliza baada ya sentensi ya kwanza ya kuchoka, ni vipimo vitatu: sekunde 12 kwa mapigo 60, bado hujahesabu muda wa kuishikilia ile noti. Matokeo yake ni kwamba uchovu unatokea ndani ya jela yenyewe, hakuna ukuta kati yao. Kwangu hicho ndicho kitu kikubwa zaidi Sinatra alichouongezea wimbo huu, na ni cha kiufundi kabisa.

Anayetaka kukijaribu afanye hivi: asiimbe ile noti ya jela kwa sauti kubwa. Hapo ndipo hewa inapoisha. Aanze kwa nguvu ya wastani, apunguze wakati anateremka, na ahifadhi angalau theluthi ya hewa kwa ajili ya noti ya chini, maana noti za chini hula hewa kuliko inavyodhaniwa.

---

Kitabu_cha_Maneno alijibu:

Naongeza upande wa maneno, kwa sababu hapa ndipo wimbo umebadilika kuliko nyimbo nyingine zote za Broadway ninazozijua.

Kuna mabadiliko ya aina mbili, na watu huyachanganya.

Aina ya kwanza ni neno la kufungulia. Mwaka 1927 ubeti ulianza na tusi la rangi dhidi ya Wamarekani Weusi. Kwenye filamu ya 1936 liliwekwa neno jingine, la dharau pia ingawa lilihesabiwa kuwa jepesi zaidi. Tamthilia iliporudi jukwaani 1946 likawa "watu wa rangi". Kwenye filamu ya 1946 kuhusu maisha ya Kern, sentensi ikawa "hapa sote tunafanya kazi", na anayefanya kazi hakutajwa tena. Mabadiliko haya ni ya wenye tamthilia na studio. Yanaondoa tusi, ila hilo la mwisho linaondoa pia habari yenyewe, kwamba kuna watu wanaofanya kazi na wengine wanaocheza. Anayetaka kusikia maandishi ya 1927 yalivyokuwa, pamoja na upangaji wa okestra wa wakati ule, asikilize rekodi ya 1988 iliyoongozwa na John McGlinn, ambako Bruce Hubbard ndiye Joe. Ni rekodi ya kujifunzia. Sishauri mtu aimbe maneno yale leo.

Aina ya pili ni ya Robeson mwenyewe, kwenye matamasha yake kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930. Kwenye filamu ya 1936 bado anaimba kiitikio cha Hammerstein. Baadaye alibadilisha sehemu tatu muhimu:

Kwenye ubeti, Hammerstein anasema mto ule ni mzee ambaye Joe angependa kuwa kama yeye. Robeson anasema ni mzee ambaye hapendi kuwa kama yeye.

Kwenye daraja, Hammerstein anasema ukilewa kidogo unaishia jela. Robeson anasema ukionyesha ujasiri kidogo unaishia jela.

Kwenye vipimo vinane vya mwisho, Hammerstein anasema amechoka, amechoshwa na kujaribu, amechoka kuishi na anaogopa kufa. Robeson anasema anaendelea kucheka badala ya kulia, na lazima aendelee kupigana mpaka afe.

Ukiyatazama moja moja utadhani ni masahihisho ya kisiasa tu. Yaweke pamoja na muziki. Vipimo vinane vya mwisho vinapanda. Sentensi ya kuogopa kufa imewekwa mahali ambapo sauti inakwenda juu. Kwa Hammerstein, maneno yanashuka na muziki unapanda. Mtu anakiri kwamba amekwisha huku sauti yake inazidi kukua. Huo mvutano ndio uzuri wa maandishi ya asili, na mwimbaji mzuri anauacha uonekane. Kwa Robeson, maneno yanageuka yanapanda pamoja na muziki. Hakuna mvutano tena, kuna nguvu moja. Wimbo uliokuwa wa kuvumilia umekuwa wa kukataa, na hakuna noti hata moja iliyoguswa.

Jambo jingine: tazama neno "lakini". Kwa Hammerstein linakaa kabla ya mto: mimi nimechoka, lakini mto unaendelea. Binadamu upande huu, mto upande ule, na mto haujali. Kwa Robeson "lakini" linaruka nyuma na kukaa baada ya jela: unafungwa, lakini mimi naendelea kucheka. Binadamu anaendelea na mto unaendelea. Ndiyo maana ilimlazimu abadilishe na ubeti. Mtu anayepigana hawezi kutamani kuwa mzee asiyejali chochote.

Kutokana na hayo, kosa ninalolisikia mara nyingi ni la kuchanganya. Mwimbaji anachukua ubeti wa Hammerstein, anayetamani kuwa kama mto, halafu anamalizia na kupigana kwa Robeson kwa sababu kunaamsha ukumbi. Hayo mawili hayakai nyumba moja. Chukua toleo moja lote, au lingine lote.

Kitu cha mwisho kwenye maneno: sehemu ya kwanza ya kiitikio karibu haina vina. Hammerstein anarudia maneno badala ya kuyafanya yafanane: mto, mto, kuvingirika, kuvingirika. Kina cha kweli cha kwanza kinafika pale anapotaja pamba na waliosahaulika, vipimo vinane vya pili. Warfield anaijua siri hii. Anauimba mwanzo sawasawa, bila kuupamba, na kina kinapofika unakisikia. Mwimbaji anayeupamba mwanzo anakuwa amekwisha kumaliza rangi zake.

---

Mpenda_Jukwaa:

Asanteni sana wakuu. Hilo la "lakini" sikuwahi kuliona, na sasa kila rekodi naisikia upya.

Nauliza zaidi: Warfield na Robeson wote wana sauti nzito, wote wameimba kwenye filamu ya Show Boat, na kwenye filamu wote wanatumia maneno ya Hammerstein kwenye kiitikio. Mbona mmoja anasikika kama yuko karibu nami na mwingine kama anaimba kanisani? Na Ray Charles anawekwa wapi kwenye mazungumzo haya?

---

Pazia_Jekundu alijibu:

Mpenda_Jukwaa, sehemu ya jibu ni wimbo umewekwa wapi kwenye hadithi.

Kwenye filamu ya 1936, iliyoongozwa na James Whale, Robeson amekaa gatini, anachonga kijiti. Kamera inamzunguka, inamkaribia mpaka uso unajaza picha, kisha zinaingia picha fupi za Joe amebeba robota la pamba na Joe akiwa jela. Anaimba kama mtu anayejisemea, na kwa sababu kamera iko pale usoni, hahitaji kusukuma sauti. Konsonanti zake ni laini, sentensi zinaungana, na hata anapopanda mwishoni unaona bado amekaa mahali pake.

Kwenye filamu ya 1951 wimbo umehamishwa. Warfield anauimba alfajiri kwenye ukungu, wakati Julie, mwimbaji wa meli mwenye asili mchanganyiko, anaondoka kwenye meli kwa sababu ya sheria zilizokataza ndoa kati ya weusi na weupe. Joe hajisemei tena, anamwombolezea mtu mwingine. Kwa hiyo Warfield anaimba mbali, sauti imesimama wima, vokali zimefunguka kama za jukwaa la opera, kila noti ina urefu wake kamili. Hilo unaloliita kanisani ni sahihi kwa pale alipo, ni mazishi. Ukilichukua toleo la Warfield na kulipeleka kwenye chumba kidogo chenye piano moja, linakuwa kubwa kuliko chumba.

Sasa niseme ninapotofautiana kidogo na Kitabu_cha_Maneno. Toleo la Robeson la matamasha ni kazi kubwa, na historia yake inalipa uzito: Marekani ilimnyang'anya pasipoti 1950 na kuirudisha 1958, na Mei 1952 alisimama kwenye mpaka wa Marekani na Kanada akauimba kwa watu waliokusanyika pande zote mbili, kwa kuwa hakuruhusiwa kuvuka. Lakini toleo hilo ni la Robeson aliyesimama kama Robeson. Ndani ya tamthilia yenyewe haliwezi kukaa. Joe ni kuli wa gatini, hadithi inaanza miaka ya 1880 na kufika 1927, na wimbo wake unarudi tena na tena wakati watu wanazeeka, wanaachana na kurudiana. Lazima kuwe na kitu kimoja kisichojali, na kitu hicho ni mto. Ukimfanya Joe mpiganaji kwenye wimbo wa kwanza, halafu kwa miaka arobaini hapigani popote, umemgeuza mwongo. Kwa anayeigiza Joe, maneno ni ya Hammerstein, tusi likiwa limeondolewa. Kwa anayesimama kwenye tamasha kwa jina lake mwenyewe, Robeson ni halali, na kwa maoni yangu ni bora.

Ndiyo sababu Sinatra wa 1946 hafanyi kazi. Filamu ileile ina kipande cha Show Boat mwanzoni ambapo Caleb Peterson anauimba akiwa Joe. Halafu mwishoni anakuja Sinatra, suti nyeupe, jukwaa jeupe, okestra nyuma yake, anaimba habari za kubeba marobota. Sauti haina kosa kubwa, picha ndiyo inayoyakanusha maneno. Mwaka 1963, studioni, na upangaji wa Nelson Riddle, hakuna picha ya kumkanusha, na sauti yenyewe ilikuwa imeshaongeza uzito. Wimbo uleule, mtu yuleyule, umri tofauti.

Ray Charles ni habari nyingine. Yeye haendi kwenye tamthilia wala kwenye tamasha la Robeson. Ameweka kwaya kubwa na laini, mwendo wa polepole mno, halafu sauti yake yenye mikwaruzo inaingia kama mtu mmoja mbele ya umati. Anayavunja maneno, anayachelewesha, anaongeza miguno kati ya sentensi. Yale yote Sauti_ya_Nne aliyoyasema kuhusu noti fupi na ndefu, Ray anayaacha, kwa sababu mdundo anaubeba kwa njia ya injili. Usimwige kwa kunakili ule ucheleweshaji wa maneno. Ukiwa na piano peke yake utasikika kama umepotea kwenye mapigo.

---

Kitabu_cha_Maneno:

Pazia_Jekundu, nakubali kuhusu Joe wa jukwaani. Ila sikubali kwamba Hammerstein lazima aimbwe kama kukata tamaa. Kwenye ubeti Joe anasema wazi kwamba weusi wanafanya kazi na weupe wanacheza, na kwamba huthubutu kumfanya bosi mweupe akunje uso. Hayo ni maneno ya 1927 na Hammerstein aliyaandika mwenyewe. Anayeuacha ubeti na kuanza moja kwa moja kwenye kiitikio, kama wafanyavyo wengi, ndiye anayemfanya Joe aonekane mtu wa kulalamika tu. Imba ubeti, na kiitikio hichohicho kinakuwa cha mtu anayejua kila kitu na kuchagua la kusema.

Robeson alikuwa mtu wa lugha pia. Mwaka 1934 alisoma fonetiki London, na Kiswahili kikiwamo. Ukimsikiliza unaona anajua anachokifanya kwa kila vokali. Ile lahaja iliyoandikwa kwenye karatasi, yenye "dat" na "dis", si ya kuigizwa kwa kupindisha mdomo. Imba Kiingereza cha kawaida, acha mwisho wa vitenzi uwe laini, basi. Lahaja ya kuigiza inageuza wimbo kuwa kejeli, na hilo ni kosa baya kuliko noti iliyokosewa.

---

Sauti_ya_Nne:

Nimalizie la tatu, kwa vitendo, kwa baritoni na piano.

Mwendo: ubeti uimbwe huru, karibu na kusema. Kiitikio mapigo 60 hadi 66. Chini ya 54 piano haina tena sauti ya kushikilia, noti zake zinakufa kabla mwimbaji hajamaliza neno, na kila kimya kinaonekana. Okestra inaweza kwenda polepole zaidi kwa sababu nyuzi zinaendelea kulia. Piano haiwezi, na kuijaza kwa kutetemesha vidole oktava nzima mwanzo hadi mwisho kunachosha. Mtetemo huo uwekwe vipimo viwili vya mwisho tu.

Pumzi: kwenye wimbo mkuu vuta kila baada ya vipimo viwili, yaani kila sekunde 8. Usivute kati ya "ol' man" na "river" hata mara moja. Ni jina la mtu, halikatwi.

Nguvu: kiitikio kianze kwa sauti ya chini, marudio yasizidi sana. Daraja lipande kwa konsonanti, siyo kwa sauti: yale maneno mafupi ya kuvuta jahazi na kuinua robota yana "t" na "b" za kutosha, yagonge hizo na uache sauti palepale. Watu hupiga kelele kwenye daraja, na wakifika vipimo nane vya mwisho hawana pa kupanda. Pia hukimbia hapo, kwa sababu sentensi za daraja zina silabi nyingi. Mpiga piano ashike besi ya mkono wa kushoto kama msumari, mwimbaji amfuate yeye.

Rangi ya sauti: usimwige Robeson kwa kusukuma koo chini ili sauti iwe nyeusi. Uzito wake ni wa maumbile. Ukilazimisha, noti ya chini itasikika kubwa ndani ya kichwa chako na ndogo kwa aliye mstari wa tano, na kule juu utakwama, kwa sababu koo lililosukumwa chini halipandi kirahisi. Imba sol ya chini kwa vokali angavu zaidi ya unavyodhani. Ukitumia maikrofoni, isogelee kwa noti za chini, kama upana wa vidole vinne, itaongeza besi yenyewe. Kwenye kilele rudi nyuma urefu wa mkono.

Neno la mwisho, "along": linaishia na "ng". Shikilia "o" muda wote, funga "ng" mwishoni kabisa, pigo la mwisho. Likifungwa mapema sauti inaingia puani na noti inakufa wakati piano bado inapanda. Neno hilo linarudi mwisho wa vipimo nane vya kwanza na vya pili pia. Huko usilipunguzie mwendo, hesabu mapigo yake yote na uendelee. Upunguze mara moja tu, mwishoni.

Na kuhusu noti ya juu: Hammerstein au Robeson, iingie kutoka noti iliyo kabla yake bila kusimama kujiandaa. Ukisimama, kila mtu ukumbini anajua noti inakuja, na maneno yanasahaulika. Ikiwa huwezi kuingia bila kusimama, shusha ki kwa nusu toni na ujaribu tena kuanzia daraja, siyo kuanzia kilele chenyewe, kwa sababu uchovu wa sauti unaanzia kule.